Pweza Aliyeingia Saluni

Muuza vitabu na wifi yake, msusi, walipanga vyumba viwili vilivyotenganishwa na ukuta wa mbao, mwembamba kiasi kwamba mmoja akipiga chafya wa pili humpa pole. Walipendana sana, ila kwenye vitabu hawakuelewana. Msusi alisema yeye na vitabu waliachana siku alipomaliza shule, na hakuona sababu ya kurudiana.

Asubuhi moja muuza vitabu alipokea katoni ya vitabu vipya vya sayansi na viumbe. Alivipanga dirishani, cha pweza kikiwa mbele, akasubiri. Wapita njia walichungulia, wakaweka sawa kola zao kwenye kioo, wakaenda zao.

Mchana umeme ukakatika. Redio ya saluni ikazimika, na fundi cherehani aliyekuwa akisukwa akaanza kulalamika kwamba kiuno kinamuuma kwa kukaa. Msusi akagonga ukuta kuomba gazeti. Muuza vitabu hakuwa nalo, akampelekea kitabu cha pweza.

"Humu mna umbea?" msusi akauliza.

"Mna mama mwenye mioyo mitatu."

Fundi cherehani akasoma kwa sauti, mwanzoni kwa uvivu, kama anayesoma maelekezo ya dawa. Alipofika pale pweza anapobadilisha rangi ili asionekane, waliokuwa wakingoja zamu wakasogeza viti. Alipofika pale anapotaga mayai na kukaa kuyalinda bila kula chochote, msusi alikuwa ameshasahau nywele mkononi.

Wakati huohuo dereva wa lori akaingia dukani. Alikiona kile kitabu asubuhi na sasa alikitaka kwa ajili ya binti yake, mtoto wa maswali yasiyoisha. Muuza vitabu, kwa aibu, akaenda saluni kukidai. Wakamkatalia katakata. Fundi cherehani akatoka mpaka mlangoni, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima, kitabu amekikumbatia.

"Kaka, tunakupa," akamwambia dereva. "Lakini ngoja kwanza tujue kama mama anapona."

Dereva akaangalia saa, akaangalia kile kichwa, kisha akakaa kwenye kiti cha kuoshea nywele na kusikiliza pamoja nao.

Mama hakupona. Mayai yalipoanguliwa, nguvu zake zilikuwa zimekwisha. Dereva akapenga kamasi, akasingizia harufu ya dawa za nywele, akalipa na kuondoka na kitabu chake.

Jioni, wakati wa kufunga, msusi akaingia dukani akijifanya anatafuta ufagio. Alizunguka rafu zote.

"Wifi," akasema mwishowe, "nataka kingine. Ila safari hii mama asife."

Muuza vitabu akafikiri kidogo, akamchagulia cha mchwa. Akamweleza kwamba malkia wao huishi miaka mingi, akilishwa na kusafishwa na wanawe, yeye kazi yake kutaga tu.

"Huyo sasa ndiye ninayemtaka," msusi akasema, akavuta kigoda na kufungua ukurasa wa kwanza palepale.