Waliosimama Mtoni Ukurasa wa Sitini na Moja

Haya ni kweli yote, tangu neno la kwanza. Najua hapa Mombo nina sifa ya kuongeza chumvi, na sikatai, ila leo chumvi nimeiacha jikoni.

Usiku wa jana niliota kitabu kinakohoa.

Kilikuwa chini ya godoro, upande wangu, nilikokificha mwenyewe. Nikakitoa, nikakiuliza kina nini.

"Vumbi," kikasema. "Na maji. Huku ndani mna maji, mzee."

Nilikijua. Ni kile chenye jalada la kijani nilichokuwa namsomea mke wangu, Mama Mbonea, tangu macho yake yaingie ukungu. Kila siku baada ya chakula cha mchana yeye alichambua mchele, mimi nikasoma kwa sauti. Kusoma nilijifundisha mwenyewe, kwa maandishi ya magunia, nilipokuwa mpima mizani kwenye shamba la mkonge, kwa hiyo nasoma polepole kama mtu anayeshusha mzigo. Mkono wake ukisimama kwenye ungo, nilijua tumefika pazuri.

Mwezi wa tano mwanetu akaniunganisha na kundi la wasomaji kwenye simu, linaitwa Vitabu Hamsini. Kila Jumapili unaweka picha ya jalada, moja au mawili, na maneno ya sifa. Usipoweka, unatolewa. Kusoma kwa sauti kukawa kunanichelewesha. Siku moja, tuko ukurasa wa sitini na moja, nikafunga kitabu nikamwambia: wakavuka mto, wakaoana, kimeisha.

"Kimeisha hivyo?" akauliza.

"Hivyo hivyo."

Akarudi kwenye mchele wake. Tangu hapo nimeweka majalada thelathini na nane, na ukiniuliza jina la mtu mmoja aliyemo humo, hata la mbuzi, silijui.

Nirudi kwenye ndoto. Nataka kukifungua kitabu, simu yangu iko juu ya stuli, inasema, "Picha kwanza."

Napiga picha. Chumba kinakuwa ofisi ya mizani, kule shambani, mchana kweupe. Mlangoni kuna foleni ya vidole gumba. Vidole tu, bila watu, kila kimoja kirefu kama mimi. Cha mbele kimevaa tai.

"Tumekuja kupenda," kinasema.

"Kupenda nini?"

"Chochote. Tuna haraka."

Nauliza kama kuna kinachojua kilichomo ndani ya kitabu. Cha mbele kinawageukia wenzake. "Kumbe kina ndani?"

Vinapita kimoja kimoja kwenye mizani. Nimepima mkonge miaka thelathini na moja, mizani yangu naijua. Vidole mia mbili vilipanda na kushuka, mshale haukutikisika.

"Sasa weka kitabu," mizani inaniambia.

Naweka. Mshale unazunguka mpaka mwisho, unagonga chuma. Maji yanaanza kutoka katikati ya kurasa, yanajaa ofisi, kuta zinaondoka, na mimi nimesimama ukingoni mwa mto.

Katikati ya mto wapo watu wangu wa kitabuni, maji magotini: Bi Mashavu na tenga la kuku kichwani, Mwalimu Singano na suruali aliyoikunja, na ng'ombe mmoja nyuma yao.

"Shikamoo," anasema Mwalimu, bila kucheka.

"Marahaba. Mnafanya nini hapo?"

"Tunakusubiri. Tangu mwezi wa tano."

"Kuku wangu wametaga humu humu," anasema Bi Mashavu. "Wameatamia, wameangua, vifaranga nao sasa wanataga. Shingo yangu uione."

"Si mngevuka tu?"

"Kwa maneno gani? Umetuacha kwenye 'wakaingia majini'. Mbele ya hapo hatujasomewa."

"Tena tumesikia kwamba tumeoana," anasema Mwalimu.

"Mimi na huyu," anasema Bi Mashavu. "Aliyelisema hilo simjui, ila nikimpata."

Nikamwangalia ng'ombe.

"Tusomee, mzee," anasema Mwalimu, na sauti yake imechoka.

Nasoma. Kila silabi ni hatua. Nikisema "wa", wanainua mguu. Nikisema "ka", wanaukanyaga. Wanasogea. Kisha simu inasema, "Jumapili hiyo inafika. Ruka." Mazoea ni mabaya, naruka mistari mitatu. Wote wanayumba, na Mwalimu anatoa mguu majini, hauna kiatu.

"Kilikuwa kwenye hiyo mistari mitatu," anasema, akiutazama.

"Nipe hiyo simu nikushikie," ananiambia ng'ombe. Nampa. Anaimeza, ananishukuru.

Basi hapo nikasoma kama zamani. Nikasikia kitu ambacho sikukisikia katika majalada yote thelathini na nane: nilitaka kujua kitakachofuata. Nilitaka sana, kama mtu aliyeshikwa na kiu njiani. Koo liliuma na sikutaka liache kuuma.

Wanapanda ukingo. Bi Mashavu anatua tenga, ananigeukia.

"Yule mama wa mchele hajambo? Tulizoea kumsikia akicheka."

"Hajambo."

"Anajua tumefika?"

Hapo nikaamka.

Kumekucha. Mama Mbonea ameketi ukingoni mwa kitanda, kanga begani, uso kwangu.

"Baba Mbonea."

"Naam."

"Kuku wa Bi Mashavu wamevuka wote?"

Nikamwambia ile hadithi iliisha zamani, wakaoana.

"Ukidanganya huwa unaharakisha," akasema. "Siku ile uliharakisha. Leo umenisomea usingizini, polepole, nikajua sasa ndiyo kweli. Leta kitabu."

Nikakitoa chini ya godoro. Nikafungua ukurasa wa sitini na mbili, ambao macho yangu hayajawahi kuuona, nikasoma: "Mwalimu Singano alipanda ukingo akiwa na kiatu kimoja, na cha pili kilikokwenda hakumweleza mtu."

Nikaurudia mstari huo kwa macho.

"Kilikwenda wapi?" akauliza Mama Mbonea.

Ikabidi nimweleze: kiatu, mistari mitatu, vidole, majalada, yote. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo lililonitisha. Kisha akataja malipo. Kwanza, nichukue simu niwaandikie wenzangu wa kundi ukweli. Nikaandika mbele yake: "Mwaka huu nimesoma kurasa sitini na mbili." Walinitoa kabla sijaweka simu chini. Pili, nirudi ukurasa wa kwanza, kwa sauti, kila neno.

Sasa ni saa kumi jioni. Tuko ukurasa wa ishirini na tisa, sauti imekauka, na nimepewa dakika tano za kunywa maji, ndizo nilizoandikia haya yote. Ananiita. Anasema watu wamesimama.