Pale Kuku Anapoingia

Kila Jumapili baada ya misa, Jeanne alikalia ndoo iliyopinduliwa, akasubiri pale kuku anapoingia. Alikuwa na miaka mitano. Redio ya bibi yake, Maximilla, ilikuwa na tundu la flashi, na ndani ya flashi hiyo alikuwamo mama yake Jeanne, Ininahazwe, aliyefariki mwaka jana kwa ugonjwa wa figo. Alijirekodi kwa simu akiwa kitandani hapa Kumsenga, dakika nne tu: "Jeanne, mwana wanje, mwanangu, ukiwa mkubwa..." Katikati ya maneno hayo kuku akaingia chumbani, na mgonjwa akasahau kuwa ni mgonjwa. "Shuu! Toka we mlafi!" Kisha akacheka. Mungu wangu, alivyocheka! Jeanne naye alicheka hapo hapo, kila Jumapili, na Maximilla akageukia ukutani ajifute macho kwa kitenge.

Simu ile ilishakufa. Nafuu ni kwamba kabla haijafa, Maximilla aliipeleka Kasulu kwa Athuman, mwenye duka la steshenari karibu na soko, naye akamhamishia sauti kwenye flashi. Tangu hapo flashi ilikaa ndani ya Biblia, kwenye Zaburi.

Mwezi wa kwanza akaja Epifania wa kwaya. Walikuwa wanajiandaa kwa kuganduka, yaani siku ya kumaliza matanga ya Ininahazwe mwaka ukitimia, na walitaka nyimbo alizoziongoza marehemu, ambazo nazo zilikuwa humo. Maximilla akampa kwa mikono miwili. Angemnyimaje? Kumsenga mtu akija kuomba moto jikoni kwako hurudi na moto. Epifania akaenda kunakili mjini, akairudisha salama, pamoja na kikapu cha viazi vitamu.

Jumapili iliyofuata redio ikanyamaza. Jeanne alisubiri kwenye ndoo yake mpaka miguu ikafa ganzi.

Pasikali, mtoto wa pili wa Maximilla na mdogo wake Ininahazwe, alikuwa karani katika ofisi moja Kasulu na alikuwa na cheti cha kompyuta, kwa hiyo ndiye aliyeitwa. Alikuja na laptop, akachomeka flashi, akaguna.

"Virusi hivi. Mnaona haya mafaili yenye mishale? Ukifungua, hakuna kitu. Vimekula vyote." Akamgeukia mama yake. "Nani aliitumia?"

"Nilimwazima Epifania, mwanangu. Alitaka nyimbo za kwaya."

"Ukampa tu? Na kopi nyingine huna? Mama, mtu asiyejua kitu si anauliza! Mimi nipo, simu ninayo. Ini alituachia kitu kimoja tu, umekitupa kwa ujinga!"

Ininahazwe ndiye aliyembeba Pasikali mgongoni utoto wake wote, na kijana aliyasema hayo huku machozi yanamtiririka. Ilikuwa hasira ya msiba, na hasira ya msiba hushuka kwa aliye karibu. Baadaye akaisafisha flashi, akaijaza nyimbo za dini mpaka ikafurika. "Angalau redio iimbe," alisema.

Maximilla hakujitetea. Aliomba msamaha kwa Jeanne, akaenda kuomba msamaha na kaburini. Epifania alipopata habari akaona aibu, akaacha kupita njia ile.

Ikapita miezi mitano. Zilipobaki wiki mbili kufika kuganduka, Maximilla alipanda basi kwenda Kasulu bila kumuaga mtu. Wazo moja lilikuwa limemganda kichwani: huenda kwenye kompyuta ya Athuman kulibaki kivuli cha sauti ile.

"Shikamoo mama'ngu," Athuman alisema, akamsogezea kiti. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa. "Sikubakiza, mama. Mambo ya watu siyaweki, nikishamaliza kazi nafuta. Ningejua..."

"Usijilaumu, mwanangu. Kosa ni langu."

"Naomba flashi yenyewe niione."

Akaichomeka, akaiacha kompyuta itafute huku akiwatolea wateja fotokopi. Ilipita karibu saa nzima. Mara akaacha fotokopi, akainama kwenye kioo. Folda ilikuwa imeibuka, na ndani yake faili, na jina la faili Maximilla alilisoma mwenyewe: KWA JEANNE.

"Mawe, mama yangu!" Akasimama. "Ndiyo hiyo! Fungua!"

Athuman akafungua. Zikalia ngoma na kinanda, na wanaume wakaimba haleluya kwa nguvu zote. Akazima haraka.

"Jina limebaki, mama, lakini ndani mmeingia wimbo mwingine. Nani aliisafisha hii flashi?"

"Mwanangu Pasikali. Alikuta mishale tu, akasema virusi vimeshakula kila kitu."

Athuman akachezea kalamu. Alikuwa mtu mkweli, na siku ile ukweli ulimwelemea.

"Mama, virusi vile havili. Vinaficha tu, vinaweka mishale juu, na chenyewe kinakaa chini yake kizima kabisa. Ningekifunua kwa dakika moja. Kilichofuta ni kule kusafisha. Na zile nyimbo alizojaza ndizo zilizokanyaga sauti."

Maximilla alishika ukingo wa meza. Miezi mitano alikuwa amelala na kosa lile na kuamka nalo, na kumbe siku aliyokaripiwa, Ininahazwe alikuwa mzima ndani ya flashi, chini ya mishale, akisubiri kufunuliwa.

"Pasikali naye hakujua," alisema mwishowe.

"Hakujua. Lakini hao wenye vyeti ndio... Nipe namba yake, mama, nimweleze. Haifai akulaumu wewe."

"Hapana." Alifunga flashi kwenye pindo la kitenge. "Alimpenda sana dada yake. Akijua, hatalala tena. Mimi nimebaki na mtoto mmoja, Athuman."

Siku ya kuganduka watu walijaa uani. Kwaya iliimba, pombe ya ndizi ikazunguka, na Pasikali akasimama kusema kwa niaba ya familia. Alimsifu dada yake vizuri. Kisha akasema, "Wengi mlitegemea kumsikia Ini leo. Sauti ilipotea, na mimi nilimkasirikia sana mama. Leo tunamaliza matanga, kwa hiyo mbele yenu nasema nimemsamehe. Hakujua."

Watu wakapiga makofi. Maximilla akainuka, akampa mwanawe mikono yote miwili. "Asante, mwanangu," alisema.

Alasiri, wageni walipoondoka, Jeanne alileta ndoo yake miguuni pa bibi.

"Bibi, sema wewe basi. Ya mama."

Maximilla aliyajua maneno yote kwa moyo. Akayasema taratibu, mpaka kuku akaingia. "Shuu! Toka we mlafi!" Kisha akacheka.

Jeanne akakunja uso. "Hapana. Mama hakucheka hivyo."

"Alichekaje?"

Mtoto akafungua kinywa, akangoja kicheko kije. Hakikuja. Akajaribu tena, kisha akafunga kinywa, akamtazama bibi yake kwa hofu.

Pasikali, aliyekuwa akikusanya viti, alisimama nyuma yao. "Usimlaumu bibi yako, Jeanne," alisema kwa upole. "Hakujua."

"Kweli," alisema Maximilla, akimvuta mtoto kifuani. "Sikujua."