Mchoraji wa Vitu Visivyokuwepo

Gazeti lenyewe Vitalia ndiye aliyeagiza lipelekwe Lituhi, na hilo ndilo alilokumbuka kwanza alipomwona Mzee Tadei, baba wa Scholastica mchumba wa mwanawe, akipanda mteremko wa Mapera, viatu mkononi, mshenga Blasius nyuma yake akihema. Mtu wa ziwani haachi mitumbwi yake mwezi wa tatu, barabara ikiwa uji, ili alete habari njema. Habari njema huletwa na mshenga peke yake. Neno la kuvunja uchumba ndilo mzazi hulileta kwa kinywa chake.

Romanus, mwana wa Vitalia, alikuwa Dar es Salaam akichora. Alianza kwa brashi na rangi, siku hizi akichora kwa kompyuta. Tangu watu binafsi waruhusiwe kuchapisha, magazeti yalikuwa yamejaa mitaani na kila moja likitafuta cha kuandika, basi moja likampa Romanus ukurasa mzima: MCHORAJI WA VITU VISIVYOKUWEPO. Blasius alilileta kutoka Mbinga mjini. Vitalia alilisoma taratibu, kidole chini ya mstari, akaliona jina la ukoo limeandikwa sawasawa, picha ya mwanawe amevaa shati lililopigwa pasi. Akasema, "Wapelekee na wakwe wakaone Scholastica anaolewa na nani." Wakaona.

"Hodi hapa."

"Karibuni, baba zangu. Piteni tu, matope hayana mwenyewe."

Tadei aliketi, akauliza habari za mvua, za maharage, za wagonjwa wa jirani. Kisha akalitoa gazeti kwapani, akalitandaza juu ya benchi.

"Mama Romanus, sikuja kugombana. Lakini sisi kwetu tunauliza ukoo kwanza. Kifafa, wazimu, hata uwe wa bibi yake bibi, tunauliza. Sasa hili tumeletewa jibu kabla ya kuuliza."

"Mletaji ni mimi," Blasius akasema. "Laiti ningelifungia chumvi."

"Wewe nyamaza. Sikiliza, mama. 'Picha za Romanus hazitoki mahali popote duniani. Humjia zenyewe.' Haya, tazama kilichomjia."

Vitalia hakuwa na haja ya kutazama. Ulikuwa mlima uliojaa mashimo kama sega la nyuki. Katika baadhi ya mashimo walisimama wanawake, wanaonekana kuanzia kifuani tu. Mengine yalijaa maji, na ndani ya maji waliogelea samaki waliopasuliwa toka kichwa hadi mkia, bapa kama ungo, kila mmoja na kijiti kimemvuka mgongoni, macho wazi.

"Watu wamezikwa nusu," Tadei akasema. "Samaki amepasuliwa na bado anaogelea. Mwandishi anasema ati huyo ni mwananchi aliyepasuliwa na soko huria. Mimi soko huria nalijua, linanunua dagaa wangu wa usipa kila siku. Sijaona samaki aliyepasuliwa akapiga mbizi. Binti yangu nitampeleka kwa mtu anayejiwa na haya?"

Vitalia alifunga khanga vizuri. Scholastica yeye alimpenda tangu siku ya kwanza, msichana alipoingia jikoni bila kukaribishwa akashika mwiko.

"Geuka hapo mlangoni, Baba Scholastica."

Mlima wa pili ulikuwa mbele yao, na shamba la jirani yake Gertruda lilikuwa limechimbwa ngolo, mashimo ya kilimo cha mlimani, upande wote. Wanaume walikuwa wameshafyeka nyasi na kuzilaza kwa miraba, sasa wanawake walikuwa wakizifunika kwa udongo, na katikati ya kila mraba likibaki shimo. Maharage hupandwa juu ya matuta, mvua hutulia shimoni isiuburure mlima kwenda bondeni. Kutoka mlangoni wale wachimbaji walionekana nusu ya juu tu, wakiinuka na kuinama. Maji ya usiku yalimetameta mashimoni. Tadei alikuwa amewapita njiani macho yakiwa kwenye matope.

Alitazama kwa muda. "Kwetu shimo la namna hiyo likichimbwa, watu huanza kulia," akasema. "Haya, mashimo nimekubali. Na samaki?"

"Samaki sijui, baba. Sitakudanganya."

Blasius alikohoa. Yeye angemdanganya.

Vitalia akaenda jikoni, na huko akakuta shida nyingine. Ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima, siku isiyoliwa nyama. Jogoo wa kumchinjia mkwe alikuwapo, akitembea mlangoni kwa maringo kana kwamba kalenda ya parokia anaijua. Kilichobaki ni mbasa mkavu wa sokoni, na kumpa mtu wa Lituhi samaki mkavu ni sawa na kumpikia mtu wa Mapera, mkulima wa kahawa, kahawa ya kopo. Afanyeje? Alimlowesha kwa maji ya moto, akamuunga kwa karanga. Kumkatakata aliona ni uchoyo, akamweka mzima katika bakuli kubwa. Kijiti hakukitoa, angevunjika.

Wakanawa. Tadei alifunua bakuli, mkono ukasimama hewani.

Mbasa alikuwa bapa toka kichwa hadi mkia, kijiti mgongoni, jicho wazi, akielea polepole katika mchuzi. Tadei alimtazama, akatazama benchi lilipo gazeti, akamtazama tena.

"Mama Romanus. Mwanao amekulia ziwani hata kidogo?"

"Hapana. Hapa, kisha seminari, kisha chuo Songea alikokutana na Scholastica."

"Kwa hiyo utotoni samaki anayepumua hakuwahi kumwona?"

"Hapa samaki huja hivi."

"Na kijiti chake."

"Na kijiti chake." Vitalia akakaa chini. Sasa jambo lilimjia. "Aliwahi kuniuliza, mdogo hivi, samaki anaogeleaje na mti mgongoni. Nilikuwa napukuchua mahindi. Nikamwambia, anaogelea hivyohivyo, kula."

"Lakini Dar kuna bahari," Blasius akasema. "Wazima wamejaa."

"Wamejaa," Vitalia akasema. "Aliyemla utotoni ni huyu."

Tadei alianza kucheka taratibu, mabega kwanza, mpaka akajifuta macho kwa kiganja kisicho na mchuzi. "Hazitoki mahali popote duniani! Huyo mwandishi amefika Mapera?"

"Angefika ningempikia."

"Basi mtu anayeshika neno la mama yake miaka yote hiyo, mimi simwiti kichaa." Akamega ugali. "Baada ya Pasaka aje Lituhi, nimpandishe mtumbwini akamwone mbasa mzima."

Vitalia alimwongezea mchuzi. Alikuwa amepata alichokitaka, lakini alimfikiria Romanus mtumbwini, ameinamia maji.

"Aje. Ila wale samaki wake usimcheke."

"Mbona nimeshacheka?"

"Umecheka kwangu, baba. Kwake usicheke."

Tadei alimtazama kwa heshima.

"Sitacheka," akasema. "Na arusi je, kabla ya kuchuma kahawa au baada?"

"Baada," Vitalia akasema, akamsogezea bakuli. "Kabla, mikono yote iko kwenye maharage, haina nafasi."