Mkeka Hatumbuizi Wageni

Nyenga mwenye afya haonekani. Hilo ndilo jambo nililoshindwa kumwelewesha shemeji yangu tangu tangi la kioo liingie sebuleni kwake. Nyenga ni samaki bapa, na wa bahari za baridi, kama huyu wangu, hujifukia mchangani, akabakiza macho mawili nje na matundu ya kupumulia, akakaa hivyo mpaka asikie harufu ya kamba. Ukimkuta anapanda na kushuka kwenye kioo, akiwaonyesha watu tumbo lake jeupe, ujue ana shida. Maji yamepata joto, au yamechafuka, au hana pa kulala.

Dada yangu ndiye aliyempa jina la Mkeka, kwa jinsi anavyojitandaza. Nilimpata akiwa bado yai, kifuko cheusi chenye pembe nne, wakati maabara ya chuo chetu ilipofungwa na kila kilichokuwa hai ndani yake kikatafutiwa mlezi. Mimi sikuwa na nyumba. Nilikuwa na dada aliyeolewa na mwanaume mwenye sebule kubwa na mdomo mkubwa zaidi.

"Samaki gani huyu?" shemeji alizoea kusema akipita na kikombe chake. "Mimi naona nimekaribisha mchanga. Tena mchanga unaokula kamba kuliko mimi!"

Nilikuwa nacheka tu. Mimi ni mtu wa kucheka kuliko kujibu. Yeye huniita Bubu, na hata hilo sikuwahi kulipinga.

Mambo yaliharibika siku chujio lilipoziba. Nilirudi kutoka kazini nikamkuta shemeji amesimama mbele ya tangi anachukua video kwa simu. Mkeka alikuwa amejibandika kiooni, mapezi yanapigapiga. Upande wa chini wa nyenga kuna mdomo, na juu ya mdomo matundu mawili ya pua. Asiyejua huona uso mzima: macho, na tabasamu chini yake.

"Njoo uone, Bubu! Anacheka! Leo kaamka na furaha zake."

"Hana furaha, shemeji. Anatafuta pa kutokea."

"Wewe naye! Hata samaki akicheka unataka anune kama wewe."

Nilisafisha chujio, nikabadili maji kwa yale ya chumvi ninayoweka akiba kwenye pipa, na asubuhi yake Mkeka alikuwa mchangani, ametulia tuli. Nilifurahi peke yangu. Shemeji alikuwa ameshaisambaza video kazini kwao, na bosi wake alikuwa ameapa kwamba Jumamosi mchana lazima aje na mkewe wamwone samaki anayecheka.

"Atacheka?" shemeji akaniuliza.

"Atalala."

"Basi toa huo mchanga."

"Atachubuka tumbo, shemeji. Ngozi yake ni laini, na chini ya mchanga ni kioo kitupu na mabomba."

"Siku moja tu! Mbona hata mimi silali mchana wageni wakija?"

Dada alikuwa anakunja nguo kwenye kochi. Hakuinua uso. Nilisema hapana, lakini nadhani ni zile nguo tu zilizonisikia.

Jumamosi ninafanya kazi nusu siku. Napima maji ya kunywa katika kiwanda cha kujaza chupa. Niliporudi nilikuta viatu vigeni mlangoni, na barazani beseni la kufulia limejaa mchanga uliolowa. Sikuhitaji kuuliza ni wa nani. Ndani watu walikuwa wanacheka.

Mashine ya kupoza maji ilikuwa imezimwa, kwa sababu inanguruma na bosi alikuwa anazungumza. Mkeka alikuwa kiooni. Kingo za mapezi yake zilikuwa nyekundu, zimekwaruzika. Alipanda, akaanguka, akapanda tena.

Mke wa bosi akapiga makofi. "Jamani mwoneni! Ananipungia!"

"Na mtaalamu wetu ndiye huyu," shemeji akasema. "Bubu, hebu waeleze wageni kwa nini anacheka."

Watu wakinikodolea macho, maneno hunikaukia. Kwa hiyo nilipita katikati yao nikawasha mashine, ikaanza kunguruma. Nikatoka barazani nikalibeba lile beseni. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani, na maji yakachuruzika kwenye zulia mpaka kwenye soksi za bosi.

"Unafanya nini wewe?" shemeji akauliza, bado akitabasamu kwa ajili ya wageni.

"Namrudishia kitanda chake."

Nikauteremsha mchanga kwa bakuli, bakuli baada ya bakuli, mkono umezama hadi begani na baridi inauma. Maji yakawa kama ya mafuriko.

"Mbona sasa hatuoni kitu?" mke wa bosi akalalamika.

"Hakuna cha kuona, mama." Nilishangaa kusikia kwamba ni mimi. "Huyu hacheki, anateseka. Ukikalishwa juu ya sakafu ya moto ukarukaruka, hutapenda watu wakupigie makofi."

Bosi akazitazama soksi zake.

Shemeji akamgeukia dada. "Mwambie mdogo wako."

"Si huyo hapo mbele yako? Mwambie mwenyewe," dada akasema. Kisha akaniuliza mimi, "Lile pipa la maji ya chumvi nilisogeze?"

"Lisogeze, dada."

"Nyumba hii ni yangu!" Sasa tabasamu lilikuwa limekwisha. "Kesho hilo tangi litoke!"

"Litatoka nikipata pa kuliweka. Kesho haliguswi, kwa sababu kesho akihamishwa atakufa. Na sasa hivi naomba mtoke nyinyi. Vishindo vinamsumbua."

"Unanifukuza sebuleni kwangu?"

"Ndiyo, shemeji. Kaeni barazani, kuna upepo."

Bosi ndiye aliyeinuka kwanza. "Twendeni, bwana," akasema, "kabla hajatubebea beseni la pili." Mkewe akamfuata. Shemeji alitoka wa mwisho, akinitazama kama mtu aliyeng'atwa na mto wake mwenyewe wa kulalia. Nikafunga mlango kwa ufunguo.

Tulibadili maji taratibu, dada akichota kutoka kwenye pipa, mimi nikimimina. Tope lilipoanza kutua, Mkeka aliteremka, akatikisa mapezi, mchanga ukamrukia mgongoni. Haukumfunika wote. Alikuwa bado anahema kwa haraka, na sikujua kama atafika asubuhi.

Mlango ukagongwa kwa ngumi.

"Fungua! Vinywaji vya wageni viko huko ndani!"

Dada akaniangalia, kata mkononi.

"Watasubiri," nikajibu, na sikufungua.