Umekosea Mstari, Mama Anyango

Mwaka ule wa mlolongo kila jambo liliamuliwa kwa kupanga watu. Wabunge walikuwa wameteuliwa hivyo, watu wakisimama juani nyuma ya picha za wagombea, na chifu wa mtaa wa Obunga akaipenda sana njia hiyo. Hakuna karatasi, hakuna sanduku, na kila mtu anaonekana amesimama na nani.

Jumamosi moja baraza liliitishwa kuhusu uwanja wa michezo. Manispaa ya Kisumu ilitaka kujenga uwanja mpya, na kila mtaa uliambiwa ulete mchango wake. Diwani wa Obunga alikuwa ameshapata wa kwao: ukumbi wa mtaa ukodishwe kwa mwenye baa, kodi iingie mfuko wa uwanja.

"Vijana wetu wanapiga mpira juu ya mawe!" Diwani alipaza sauti akiwa juu ya benchi. "Timu ikitoka Nairobi inatucheka! Mnataka uwanja ama hamtaki?"

"Tunataka!"

"Na maji, Bwana Diwani?" mwanamke mmoja akauliza kutoka nyuma. "Bomba imekauka."

"Mama, maji itakuja. Hao watu wa mpira wakikuja si watasikia kiu?"

Watu wakacheka. Seline naye akacheka, huku akimtikisatikisa mwanawe Anyango mgongoni asilie. Hakuuchukia uwanja. Nani Kisumu anachukia mpira? Lakini ukumbi ule ndio uliokuwa darasa lao la jioni, la watu wazima, chini ya Mwalimu Absalom. Hakukuwa na mahali pengine mtaani penye taa ya stima na mlango wa kufunga. Seline aliacha shule darasa la tano, mama yake alipougua. Sasa alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa darasa la nane, na Novemba haikuwa mbali.

Tena halikuwa jambo la mtihani tu. Mume wake, Dalmas, aliendesha trekta za miwa Muhoroni na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Mchana kutwa Seline aliongea na mtoto ambaye hajajua maneno, na jirani wa kushoto, na wa kulia, habari za makaa na dagaa wa omena. Ukumbini tu ndiko mtu alikomuuliza jambo, kisha akanyamaza kumsubiri afikirie.

Jana yake wanafunzi wote walikuwa wamekubaliana. "Tutasimama sisi sote," alisema Zamzam, aliyekaa dawati moja na Seline, mwenye kibanda cha chapati Kondele. "Hiyo mstari yetu itafika mpaka barabara. Wewe anza tu, mimi niko nyuma yako."

Wakoli, karani wa baraza, akapiga filimbi. "Wanaotaka uwanja, upande wa mti! Wanaotaka ukumbi ubaki, upande wa choo!"

Vumbi likatimka. Seline alitembea moja kwa moja mpaka upande wa choo, akasimama, akauelekeza uso mbele kama walivyofundishwa siku ya kuteua wabunge. Hakugeuka. Alisikia nyayo, akadhani zinamjia. Zikapita.

Alipogeuka, nyuma yake palikuwa na nyasi.

Zamzam alikuwa upande wa mti, amevuta buibui karibu na uso, anaangalia chini. Leseni ya kibanda chake ilipita mikononi mwa Diwani. Mwalimu Absalom alikuwa mbele yake kidogo, mtu wa serikali, anafuta miwani ambayo haikuwa chafu. Na katikati ya vijana wa mpira, kofia kisogoni, alikuwa Dalmas, aliyefika kutoka Muhoroni asubuhi hiyo.

Dalmas alimwona, akapunga mkono. "Mama Anyango! Umekosea mstari! Njoo huku!"

Uwanja wote ukaangua kicheko. "Anangojea choo huyo!" mmoja akasema, na kicheko kikapanda tena.

Seline alihisi shingo inawaka. Ilikuwa rahisi kabisa kucheka pamoja nao, kujipiga paji la uso na kuvuka. Wangesahau kabla ya jioni.

"Sijakosea," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Sijakosea, Baba Anyango."

Dalmas akashusha mkono.

Wakoli alikuja na kalamu, akamtazama kwa huruma ya mtu mwenye haraka. "Mmoja," akasema. Kisha, kwa utani, "Ama tuhesabu na mtoto?"

"Mhesabu. Siku moja atataka kusoma."

Karani akatabasamu, akaandika mmoja, akaenda zake. Upande wa mti hakuhesabu. Alitazama tu urefu, akapiga filimbi, na Diwani akatangaza kwamba Obunga imesema kwa sauti moja.

Njiani kurudi nyumbani Dalmas alitembea mikono mfukoni. Walipofika penye mfereji akasema, "Umeniaibisha mbele ya watu. Si ungeniambia kwanza?"

"Ningekuambia, ungesimama na mimi?"

Dalmas akamfungua Anyango mgongoni mwa Seline, akamweka begani, akaruka mfereji. "Kisumu ikipata uwanja ni kitu kizuri," alisema akiwa ng'ambo. "Hata huyu atauona."

"Atauona," Seline akakubali. "Na mimi nitafanya mtihani. Bado sijui nitasomea wapi."

Alingoja aulizwe: mtihani wa lini, wa masomo gani. Dalmas alikuwa ameshatangulia, anamwimbia mtoto wimbo wa timu. Mgongo wa Seline ulikuwa na jasho mahali mtoto alipokuwa, na upepo wa ziwa ukapapoza. Akaifunga leso upya kiunoni, akaruka mfereji peke yake.