Jogoo wa Kila Jumatatu

Kila Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi, kitengo cha malalamiko cha idara ya maji kilianza wiki kwa kucheka. Lilikuwa jambo la lazima, ingawa halikuandikwa popote. Mkuu wa kitengo alivua miwani, akaiweka juu ya faili la mabomba yaliyopasuka, akasimulia kichekesho chake. Alikuwa nacho kimoja tu, na huu ulikuwa mwaka wa tisa anakisimulia.

Mtu mmoja, alisema Mkuu, alikuwa na jogoo anayewika saa nane mchana. Akambeba kwapani mpaka kwa fundi saa. "Fundi, huyu ameharibika, nirekebishie." Fundi akavaa kioo chake cha jicho moja, akamchungulia jogoo sikioni, akamtikisa kidogo, akasema, "Mwache hapa, urudi Ijumaa." Ijumaa mwenye jogoo akarudi. Fundi akamwambia, "Bwana, jogoo wako hana tatizo. Mwenye tatizo ni..."

Hapo ndipo watu walipoangua kicheko. Naibu alipiga meza kwa viganja viwili, kama naibu anavyopaswa. Dereva aliegemea mlango, akashika mbavu. Katibu muhtasi, mama aliyekuwapo ofisini hapo kabla ya makabati, alijifuta machozi kwa kitambaa ambacho hakijawahi kulowa. Waliobaki walicheka kila mmoja kwa kadiri ya cheo chake.

Karani mpya wa masjala peke yake ndiye aliyebaki na uso mkavu. Si kwamba alikuwa na kiburi. Alikaa tu na kalamu mkononi, akisubiri.

"Wewe binti," katibu muhtasi alimwambia siku hiyo, akimvuta kando penye birika la chai, "una matatizo nyumbani?"

"Hapana, mama."

"Meno?"

"Mazima, mama."

"Basi cheka. Fomu yako ya kuthibitishwa kazini iko mezani kwa Mkuu, na umebakiza wiki moja. Unataka asaini huku amenuna?"

Karani hakutaka. Mama yake mzazi alikuwa ameacha kushona tangu macho yalipoanza kumsumbua, na nyumba nzima ilikuwa inaitegemea fomu hiyo. Kwa hiyo jioni akasimama mbele ya kioo, akafanya mazoezi. Kicheko cha kwanza kilitoka kama kikohozi. Cha pili kilimkimbiza paka.

"Hebu nisimulie hicho kichekesho chenyewe," mama akasema, akiendelea kuchambua mchele kwa kuupapasa. "Nikupime."

Karani akasimulia, akafika kwa fundi, akacheka. Mama akabaki na mkono ndani ya ungo.

"Halafu?"

"Halafu nini, mama? Hapo ndipo tunapocheka."

"Mnacheka nini na fundi hajamaliza kusema? Mwenye tatizo ni nani?"

"Ofisini hakuna anayeuliza."

"Basi hiyo ni ofisi ya watu wapole sana," mama akasema, akarudi kwenye mchele wake.

Jumatatu ikafika. Karani akapiga moyo konde. Mkuu akavua miwani. Jogoo akawika, akabebwa, akatikiswa, Ijumaa ikafika, fundi akafungua kinywa, ofisi ikalipuka. Karani naye akafungua kinywa. Lakini kicheko kilikataa kutoka. Wenzake walipoanza kutulia, akajisikia akiuliza, "Halafu, Mkuu?"

Naibu aliacha viganja hewani. Mkuu akamtazama karani kwa muda, akainuka. "Njoo ofisini kwangu."

Fomu ilikuwa pale mezani. Karani akaisoma kichwa chini miguu juu: jina lake, tarehe, na nafasi ya saini, tupu. Akaanza kupanga jinsi atakavyomwambia mama.

"Umeuliza halafu," Mkuu akasema.

"Nisamehe, Mkuu. Ulimi umeteleza."

"Kwa hiyo hujui mwisho wake."

"Sijui."

"Na wenzako?"

"Wenzangu wanacheka, Mkuu."

"Hilo nimeliona." Akavaa miwani, akaivua tena. "Kile ni kichekesho cha marehemu mke wangu. Kila tukipata wageni alikuwa anakisimulia, amekaza uso kama hakimu. Mimi akifika tu hapo kwa fundi, mbavu sina. Nacheka, wageni wanacheka, yeye ananiambia, 'Wewe bwana, ngoja nimalize.' Sikungoja hata siku moja. Miaka ishirini na sita." Akaikunja miwani. "Kaondoka nao huo mwisho."

Karani alimwonea huruma.

"Nilidhani nikiwasimulia watu," Mkuu akaendelea, "hatakosekana mmoja aliyewahi kukisikia kwingine. Lakini nikifika hapo, wanaanza. Sasa namuulizaje mtu mwisho wa kitu alichokicheka miaka tisa?"

"Mama yangu nilimsimulia, naye anahisi mwenye tatizo ni jua," karani akasema. "Kwamba linachelewa."

Mkuu alilipima hilo kwa makini, kama lalamiko lenye vielelezo.

"Siyo. Mke wangu asingeligusa jua. Lakini mwambie mama asichoke kufikiria." Akaivuta fomu. Palipoandikwa *Tabia kazini* akajaza neno moja, "Anasikiliza," akasaini.

Jumatatu iliyofuata alisimulia kama kawaida, na watu wakacheka kama kawaida. Karani akangoja watulie.

"Halafu, Mkuu?"

Mkuu akawatazama wote, mmoja mmoja, amekaza uso.

"Sijui," akasema.

Wakatazamana. Kisha dereva akapasuka. Kilikuwa kicheko kingine, kisichoangalia vyeo. Naibu alisahau kabisa habari za meza, na dereva akateleza mlangoni mpaka chini. Waliamini huo ndio mwisho wenyewe, na kwamba Mkuu alikuwa amewafichia miaka tisa nzima. Mkuu naye akacheka, akainama juu ya faili la mabomba, mabega yakitikisika hata baada ya wengine kunyamaza.

Katibu muhtasi akampitishia kitambaa chake. Aliporudishiwa, kilikuwa kimelowa.