Kamba ya Jumatatu

Jumatatu asubuhi Saloma Glick alisuuza brashi zake, akabandika maji ya chai, akageukia picha ukutani kuona kama nguo zimeshaanikwa. Zilikuwa zimeanikwa. Picha ile ilikuwa ya shamba la wazazi wake, na alipoichora kamba ilikuwa tupu, kutoka kibarazani hadi ghalani. Tangu hapo mama yake alianika humo kila Jumatatu, siku ya kufua ya Waamishi wote wa Lancaster, Wakristo wa Marekani wanaoshika maisha ya kale, na kuanua kabla ya jioni.

Hivyo ndivyo Saloma alivyopata habari za nyumbani. Zilipoonekana nepi, alijua dada yake Mattie amejifungua. Safari hii suruali za baba hazikuwepo, na magauni yote yalikuwa meusi.

Akaoka pai ya tufaha, akaenda kuwahani.

Alikuwa amebatizwa, kisha akaondoka ili achore nyuso za watu, jambo ambalo kanisa lake halilikubali. Kwa hiyo alitengwa: muumini hakuruhusiwa kupokea kitu mkononi mwake wala kula naye meza moja. Mama hakuipokea pai mkononi mwake. Alingoja iwekwe kwanza mezani. Saloma alikula kwenye meza yake ndogo, iliyosogezwa karibu na meza ya wengine, ikabaki nafasi ya upana wa kiganja.

"Kamba yako fupi," mama alisema.

"Ipi, mama?"

"Hiyo uliyochora. Nguo za wajukuu nianike wapi, mgongoni kwa ng'ombe?"

"Na ng'ombe mwenyewe ana miguu mitano," Mattie akadakia. "Mchoraji mzima!"

"Ule ni mkia."

"Mkia wenye kwato?"

Wakacheka wote watatu, wao mezani kwao, Saloma mezani kwake.

"Mama, nilale hapa leo?"

"Piga magoti kanisani, utubu, ulale mpaka uzeeke."

"Na brashi zangu?"

Mama akakusanya sahani. "Kuna wingu. Wahi kabla ya mvua."

Kesho yake Saloma alirefusha kamba, akamfuta ng'ombe mguu mmoja.

Jumatatu iliyofuata nguo zote zilienea. Mwishoni kabisa lilining'inia gauni lake la bluu, alilolivua siku aliyoondoka, limefuliwa, likidondosha maji kwenye sakafu yake. Saloma akaleta beseni, akaliweka chini ya picha.

Kati ya gauni lile na nguo za wengine, mama alikuwa ameacha nafasi ya upana wa kiganja.